Jinsi Nilivyoishusha Bei ya Nyumba ya Bibi

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Habari mbaya kabla hata ya chai. Bibi anauza nyumba!

Bibi ndiye mwenye nyumba wetu. Yeye anakaa chumba cha uani, sisi tunakaa mbele: vyumba viwili, jiko, na kibaraza nilichokigeuza karakana ya kuchorea mabango. Miaka kumi na mmoja sasa. Binti yetu alijifunza kutembea katika ua ule, akishikilia khanga ya Bibi. Na mabango yote ya mtaa huu yametoka kwenye kibaraza changu, kuanzia "Hapa Tunanyoa" mpaka "Usikojoe Hapa, Ni Wewe Nakwambia".

Bibi alimwambia mke wangu asubuhi wakianika nguo, akamtajia na bei. Macho yanafifia. Bati linavuja. Mwanawe aliye ng'ambo anampigia simu kila wiki amwambie auze. Dalali ameshakuja kuupima ua kwa hatua.

Mke wangu akasema tuinunue sisi. Yeye muuguzi, ana akiba yake ya miaka. Mimi naweza kukopa kwenye chama chetu cha akiba. Akasema jioni hii hii twende tukamwombe Bibi.

Nikacheka. Muuguzi hodari, lakini biashara haijui. Ukimwonyesha muuzaji kwamba unakitaka kitu, umekwisha. Na mtaa huu si ule tuliohamia. Palipokuwa na fundi baiskeli sasa pana duka la kahawa, kikombe chenyewe kama kifuniko cha chupa. Kila nyumba inayouzwa inapakwa rangi ya jivu. Watu wanatembeza mbwa kwa kamba, na mbwa ndiye anayechagua njia. (Bango la duka la kahawa nilichora mimi. Kazi ni kazi.)

Basi bei itapanda tu. Labda atokee mtu mwenye akili aishushe kwanza.

Nimemwambia mke wangu aniachie mimi. Akanitazama vile anavyomtazama mgonjwa anayesema hahitaji sindano.

Jumapili, tarehe 4 Mei

Mbinu ya kwanza. Rahisi, ya bei nafuu, na iko ndani ya taaluma yangu.

Wanunuzi huogopa nini? Ugomvi. Nyumba yenye ugomvi hakuna anayeigusa. Wote wakikimbia tutabaki sisi peke yetu, na Bibi atatushukuru kwa kumwondolea mzigo. Nikachukua rangi nyekundu ya mafuta, nikaandika ukutani, barabarani kabisa: NYUMBA HII HAIUZWI.

Nilikusudia kuandika vibaya, kama mtu mwenye hasira. Mkono ukakataa. Miaka ishirini ya kazi! Nikajikuta natia kivuli kwenye kila herufi. Kisha mstari mwembamba wa njano. Ile H ya kwanza, nisiseme mengi, ni H ya kutundikwa sebuleni.

Bibi aliuliza toka uani harufu ya rangi inatoka wapi. Nikamwambia naurembesha ukuta kidogo. Akasema ahsante mwanangu. Nikajisikia vibaya kwa muda wa dakika mbili hivi.

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Kabla ya adhuhuri wamekuja wanunuzi watatu. Wiki yote iliyopita hakuja hata mmoja!

Dalali akanieleza. Tunamwita Tabasamu, kwa sababu hutabasamu hata msibani. Alisema kinachouzwa kila mtu anakipita. Kisichouzwa, watu hujiuliza kina nini. Anawaambia wateja kwamba mwenyewe ameng'ang'ania, ila yeye Tabasamu anajua njia ya kumlainisha. Bei ameiongeza.

Akaja na Msanifu. Huyu ni msanifu majengo aliyenunua nyumba ya kona mwaka jana. Ana kambwa kadogo kanakovaa sweta. Alisimama ng'ambo ya barabara, kichwa upande, muda mrefu mpaka kambwa kakalala. Kisha akavuka akaniuliza nani kaandika maneno yale. Nikasema mimi. Akasema hajaona herufi zenye utu kama zile, akaniagiza bango la ofisi yake kwa mtindo huo huo.

Nikakubali. Kazi ni kazi.

Kisha akauliza kama kweli haiuzwi. Nikasema hata kwa dawa. Akasema vizuri sana, basi ataongea na mwenyewe.

Jioni mke wangu aliniuliza bei imeshuka kiasi gani. Nilijifanya namsaidia mtoto hesabu za shule.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Nimeyafuta maneno kwa mafuta ya taa. Hayajafutika. Yamekuwa wingu la waridi. Wapita njia wawili wamepiga picha nalo, mmoja kwa kuegemea.

Nimeketi nikafikiri. Kosa langu lilikuwa maneno. Maneno kila mtu huyatafsiri atakavyo. Ubovu hautafsiriki. Alhamisi mke wangu anampeleka Bibi kliniki ya macho. Nyumba itakuwa yangu na nyundo.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Nilianza mara tu walipokata kona. Mpango: kubandua plasta pembeni ya mlango, kipande cha ukubwa wa sinia, mnunuzi akija aone ukuta uliooza ndani.

Plasta ikatoka kwa urahisi. Chini yake, mawe. Yamechongwa kwa mkono, moja moja, rangi ya asali, yamepangwa kwa mstari mnyoofu kama mwandiko wa mwalimu.

Nikasema hili ni eneo moja tu, wajenzi walijitahidi hapa wakachoka mbele. Nikaendelea kugonga nikitafuta jiwe baya. Nikagonga mpaka dirishani. Nikapanda kiti. Kufika saa sita nilikuwa na ukuta mzima mtupu, na hakuna jiwe baya hata la dawa. Ulikuwa ukuta wa kumfanya mtu alie. Nilikaribia kulia mimi.

Msanifu akapita. Akaweka kiganja juu ya jiwe. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema kuna watu mjini wanalipa mafundi watengeneze mawe ya bandia yafanane na haya. Akampigia Tabasamu simu papo hapo, mimi nimesimama na vumbi kwenye kope. Bei ikapanda nikiisikia kwa masikio yangu.

Halafu Bibi akarudi.

Walikuwa wamemtia dawa ya matone, haoni vizuri. Alipofika mlangoni akanyoosha mkono kushika ukuta kama kawaida yake, mkono ukakutana na jiwe. Akasimama. Akauliza plasta iko wapi. Nikasema imeanguka yenyewe.

Akasema hiyo waliipiga wao wawili, yeye na marehemu mumewe, mwaka waliohamia. Yeye kuchota mchanga, mume juu ya ngazi. Fundi hawakuwa na uwezo wa kumlipa. Mvua ikanyesha siku ya pili, wakakesha wameifunika kwa mashuka yao ya harusi.

Akaenda chumbani kwake pole pole, mkono ukipapasa mawe njia nzima.

Mke wangu akachukua ufagio, akafagia vumbi kunizunguka miguu. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Leo siandiki zaidi.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Nimepiga moyo konde. Mwanamume hatupi jembe kwa sababu ya jiwe.

Safari hii: kelele. Nyumba hata uitengeneze vipi, kelele haina dawa. Na kelele ninayo katika familia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alijifundisha tarumbeta mwenyewe kwa kutazama video. Amefukuzwa na bendi mbili na kwaya moja, na kwaya yenyewe hata haina tarumbeta.

Nikamwambia aje afanye mazoezi kibarazani saa kumi, saa ambayo Tabasamu alikuwa analeta mtu na mkewe waone nyumba. Shemeji aliguswa. Alisema ni mara ya kwanza mtu katika ukoo huu kumwomba apige.

Akapiga. Mungu wangu! Madirisha yakafungwa mtaa mzima, moja baada ya jingine, kama watu wanaoitikia. Yule mume akaziba masikio. Nilimwona kwa macho yangu akiziba! Nikaanza kupanga mahali pa kuweka kabati.

Mkewe akafumba macho akasema, "Sikia! Mtaa wetu ule kimya kama makaburi. Hapa watu wako hai."

Duka la kahawa likatoa viti nje. Kambwa ka Msanifu kakaanza kulia, na kusema ukweli kaliishika sauti kuliko shemeji. Watu wakapiga makofi. Wengine wakarusha sarafu kwenye kofia ambayo sikuiweka mimi.

Shemeji ameamua atakuwa anakuja kila Jumamosi. Bei sijaiuliza. Nimeiona usoni kwa Tabasamu.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Leo sikufanya lolote. Bei haikupanda.

Nimeliandika hili kwa kuwa naona kama lina maana, ila sijajua ni ipi.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Maji! Nilikuwa wapi siku zote hizi? Mnunuzi husamehe kelele, husamehe hata mizimu, unyevu hausamehe.

Msanifu aliomba kuja kuona ndani saa kumi. Saa tisa na nusu niliingia chini ya sinki na spana. Nia yangu ilikuwa kulegeza kiungo cha bomba kidogo tu, robo ya mzunguko, tone moja moja lidondoke, sakafu ipate doa. Doa la heshima.

Bomba lile ni kubwa kuliko mimi kwa umri. Lilitoka lote mkononi.

Sitaeleza kila kitu. Koki kuu iko uani, nyuma ya mtungi wa Bibi, na nilikuwa sijui. Nilijaribu kuziba kwa kidole, kwa kitambaa, kwa kiazi. Maji yakaenda sebuleni, yakatoka kibarazani, yakalibeba bango la Msanifu, kazi ya wiki nzima, rangi haijakauka. Likaelea kuelekea mlangoni uso juu. Msanifu alipofika, saa kumi kamili kwa kuwa mtu wa namna hiyo hachelewi, alikutana na jina lake linamjia.

Akaliokota. Akaliegemeza ukutani. Akavua viatu, akakunja suruali, akauliza sufuria iko wapi. Tukachota maji pamoja saa nzima, yeye na sufuria, mimi na beseni la mtoto. Koki aliiona yeye.

Ni mtu mwema. Jambo hili limeniudhi sana.

Tukiwa tumeinama tunachota alinieleza angeifanyia nini nyumba. Angeacha mawe yaonekane. Chumba cha uani angekivunja, apande bustani, aweke benchi. Nikauliza Bibi je, ataenda wapi. Akasema anadhani ana familia. Kisha, kama aliyeshakisia kwamba na sisi tunaitaka, akaniuliza mimi, kwa nia safi kabisa: "Kwani nyinyi mlikuwa mmepanga akae wapi?"

Nikaendelea kuchota. Siku tisa natunga mbinu, na swali hilo sikuwahi kujiuliza hata mara moja. Mimi niliwaza bei, kabati, na kibaraza changu.

Mke wangu aliporudi akaikuta sakafu imelowa na shemeji anatandaza magazeti. Akavua viatu mlangoni. Akanipita.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Nitaandika kama ilivyotokea.

Mke wangu alitoka zamu ya asubuhi, akapasha maji, akachukua beseni na kikata kucha, akaenda uani. Humkata Bibi kucha za miguu kila mwezi, tangu Bibi ashindwe kuinama. Mimi nilikuwa jikoni. Dirisha la jikoni linatazama ua. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimesimama pale pazia lilipo.

Akamwambia Bibi, bila utangulizi wowote, mguu ukiwa mkononi, kwamba tungependa kuinunua nyumba, na kwamba yeye Bibi abaki chumbani kwake. Hivyo tu! Hakuzunguka popote. Nilifumba macho.

Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "mimi habari nilikwambia wewe, siku ile tunaanika nguo. Ulidhani nazungumza na kamba?"

Mke wangu akasema alitaka kuja jioni ile ile, mumewe ndiye aliyemzuia.

"Najua. Nikangoja aje aniombe kama mtu. Nikasikia ananiandikia ukutani. Nikasema ataona haya, atakuja. Narudi kliniki, nakuta ameivua nguo nyumba yangu. Nikasema labda sasa. Akaniletea tarumbeta."

Kumbe alijua yote! Tabasamu alimsomea maandishi siku ya kwanza. Nilimsikia akisema hakuona sababu ya kuyafuta kwa kuwa yalikuwa kweli: kwa watu wa nje ilikuwa haiuzwi. Dalali aliletwa na mwanawe kwa simu, naye hakutaka kumvunjia mtoto heshima, akaacha watu wapite, wapime, waondoke. Bei ya Msanifu ameisikia. Ni nzuri sana. Ameikataa jana jioni, alipouliza chumba cha uani kitafanywa nini akajibiwa kwa ukweli.

Hapo niliegemea pazia zaidi ya kiasi. Likaanguka na fimbo yake.

"Na wewe uliye dirishani," Bibi akaita, "njoo useme kwa mdomo wako."

Nikatoka. Nilikuwa na hotuba, niliitunga tangu Jumamosi ya kwanza, ina vipengele na mahali pa kutua. Ikanitoka yote. Nikajiona nimechuchumaa mbele ya beseni la maji ya kucha.

"Bibi, nisamehe," nikasema. "Tunaomba utuuzie nyumba. Usiende popote."

"Haya," akasema. "Si umeona."

Haikuchukua hata muda wa kuosha brashi.

Bei ni ile aliyoitaja mwanzo, kabla ya Tabasamu na kabla yangu. Masharti mawili. Chumba chake ni chake mpaka siku yake. Na plasta irudi, kwa mkono ule ule ulioitoa.

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Mgongo! Mabega! Kuitoa saa tatu, kuirudisha siku mbili.

Bibi ameketi kwenye kiti barabarani akinisimamia kwa masikio. Anasema mchanganyiko mzuri ukigonga ukuta hutoa sauti nzito. Mbaya hulia kama chura. Vyura wangu walikuwa wengi. Mara nne ameniamuru nikwangue nianze upya. Binti yetu alikuwa anachota mchanga kwa kikombe, na kila kikombe Bibi akimsifu kuliko mimi.

Msanifu akapita, akayaona mawe yanapotea safu kwa safu. Akasimama kama mtu kwenye mazishi. Nikamwambia pole. Akaniuliza angalau nimwachie jiwe moja la kutazama. Nikamtazama Bibi. Bibi akasema moja, chini, pale paka hukaa, na aje alitazame akiwa na nafasi, chai ipo. Akafurahi kupita kiasi.

Bango lake nimelianza upya. Safari hii bure. Sijamwambia mke wangu kwamba ni bure. Amejua mwenyewe, na usiku wa leo kwenye sahani yangu kipande cha nyama kimekuwa kikubwa.

Bibi amekula nasi. Alipoondoka aliupapasa ukuta mbichi kwa ncha za vidole, mlangoni pale, akasema utakauka vizuri mvua isiponyesha. Nikatazama mbingu. Nikatoa mashuka yetu kabatini, endapo itanyesha.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Nimeketi kibarazani nikaipitia kampeni yote kwa utulivu, kama kamanda. Hitimisho: nilishinda.

Fikiria. Bila maandishi yangu wanunuzi wasingekuja kwa wingi. Wasingekuja, Bibi asingewachoka. Asingewachoka, asingetukumbuka sisi. Yote yamefungamana. Nimemweleza mke wangu. Akasema bei tuliyopata ndiyo ile ile ambayo tungepata Jumamosi ya tarehe tatu kabla ya chakula cha jioni, bila mifuko ya saruji na bila bomba jipya. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sikutaka kumkatisha tamaa.

Kesho tunakwenda ofisi ya ardhi kutia saini: mimi, yeye, na Bibi. Karatasi ziko tayari, wakili amezipitia, hakuna kilichobaki. Mke wangu amenipa kazi moja ya kesho, akairudia mara tatu: kukaa, kutia saini, kunyamaza.

Nitakaa. Nitatia saini. Lakini nasikia majalada ya ofisi ile hulala miezi, karani akilipitia moja kwa siku kama mtu anayechambua mchele. Na karani ni binadamu. Binadamu ana huruma. Huruma ikichochewa kidogo, jalada linaruka juu ya rundo.

Nimeazima mkongojo kwa jirani aliyevunjika mguu mwaka jana. Tangu alasiri nafanya mazoezi ya kuchechemea, kutoka sinki mpaka mlangoni na kurudi. Bibi ameuliza toka uani ni mgeni gani anatembea na fimbo. Nimesema ni paka. Akauliza paka huyo anavaa kiatu namba ngapi.

Nimejaribu miguu yote miwili mbele ya kioo. Nimechagua wa kushoto. Wa kulia hauna huzuni ya kutosha.